Mkamba wa ghafla: jinsi ya kupumzika, kuomba ruhusa na kurudi kazini

Wengi huuita "kifua" tu. Unaanza kama mafua ya kila siku: koo linakereketa, pua inachuruzika, mwili unalegea. Siku mbili tatu baadaye kikohozi kinashuka kifuani, na kila ukikohoa unahisi kitu kinakwaruza nyuma ya mfupa wa kidari. Hapo virusi vimeshafika kwenye mirija inayopeleka hewa mapafuni. Utando wa ndani wa mirija umevimba na unatoa makohozi, na hewa ya baridi au harufu kali ikiugusa, unashtuka kama kidonda. Huo ndio mkamba wa ghafla. Mkamba sugu ni habari nyingine kabla hujachanganya: huo ni wa kukohoa makohozi kwa miezi 3 au zaidi kila mwaka, miaka miwili mfululizo, na wengi wanaoupata ni wavutaji wa sigara.

Ningependa kila mfanyakazi ajue jambo moja kabla hajaugua: mkamba una kalenda mbili. Ya kwanza ni ya kuumwa kwenyewe, yaani homa, maumivu ya mwili na uchovu wa kukulaza. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo huchukua siku 3 hadi 7 hivi. Ya pili ni ya kikohozi, nayo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwauliza watu wazima kikohozi cha namna hii hudumu kwa muda gani, na makadirio yao yakawa siku 7 hadi 9. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa wenyewe zilitoa wastani wa karibu siku 18.

Ruhusa ya kazini ni kwa ajili ya kalenda ya kwanza. Ya pili utaimaliza ukiwa umesharudi kazini, kwa mpango. Anayezichanganya anaumia mara mbili: anarudi akiwa bado na homa, halafu wiki ya pili anahangaika kutafuta dawa kali kwa kuwa "bado nakohoa".

Hatua ya 1: Hakikisha si kichomi

Ugonjwa wa kuutenganisha kwanza ni kichomi, yaani nimonia. Nimonia nayo ina kikohozi, makohozi na homa, ila imeingia ndani zaidi, kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Bila daktari huwezi kuwa na uhakika, lakini yapo mambo matatu unayoweza kupima nyumbani: joto, mapigo ya moyo na pumzi.

Pumzi ndiyo watu huikosea. Kaa utulie dakika tano, kisha mwombe mtu ahesabu kifua chako kinavyopanda kwa dakika nzima, asikwambie anaanza lini. Ukijua unahesabiwa, utapumua tofauti bila kukusudia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikizidi 24, au mapigo yakizidi 100 hali umepumzika, au joto likipita nyuzi 38, nenda daktari akusikilize kifua. Huenda akaagiza eksirei. Kama vipimo vyote vitatu viko sawa na daktari hasikii kitu cha ajabu kifuani, kwa kawaida eksirei haihitajiki, kwa hiyo usidhani amekupuuza.

Yapo mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane: kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, maumivu makali ya kifua unapovuta hewa, kukohoa damu, kuchanganyikiwa, au midomo kugeuka rangi na kuwa ya bluu au ya kijivu. Kwa mwenye ngozi nyeusi angalia ndani ya midomo na kwenye kucha, rangi huonekana huko mapema.

Mjamzito, mwenye zaidi ya miaka 65, mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kisukari au anayeishi na VVU asisubiri kuzidiwa ndipo amwone daktari. Na kama unamtunza mzee nyumbani, elewa kwamba nimonia kwake inaweza kuja bila homa. Unaona tu amepoteza hamu ya kula na anaongea mambo yasiyoeleweka.

Hatua ya 2: Omba ruhusa siku ya kwanza ya homa

Niliwahi kufanya kinyume. Asubuhi nilimeza vidonge vya kushusha homa, nikaenda kazini. Mchana homa ikarudi, nikameza tena. Niliendelea hivyo siku 4. Siku ya 5 sikuweza kutoka kitandani, na siku nilizokaa nyumbani zikazidi zile ambazo ningeomba mwanzoni. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye karibu akaugua wiki hiyohiyo, na nyumbani kwake kulikuwa na mtoto mchanga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Dawa ya homa inashusha joto na kutuliza maumivu, lakini virusi haivigusi. Na siku za mwanzo ndizo ambazo mtu huambukiza zaidi. Kwa hiyo siku ambayo unajisikia vibaya lakini "unaweza kujikaza" ndiyo hasa ya kubaki nyumbani.

Toa taarifa mapema, kabla ya muda wa kuingia kazini, na kwa maandishi. Ukipiga simu, ifuatishe na ujumbe mfupi ili kumbukumbu ibaki. Usieleze kila dalili, na usijipunguzie ugonjwa kwa kusema "mafua kidogo tu", kwa sababu bosi atakutarajia kesho. Taja unachoumwa, siku unazoomba, nani anashika kazi ya haraka, na lini utatoa taarifa nyingine. Mfano:

"Habari za asubuhi, Meneja. Nimeamka na homa na kikohozi kikali cha kifua, sitaweza kufika kazini. Naomba ruhusa ya ugonjwa leo na kesho. Leo naenda kumwona daktari, na cheti nitakutumia nikishakipata. Ripoti ya mwezi ipo kwenye jalada letu, na mwenzangu wa zamu anajua ilipofikia. Kesho jioni nitakujulisha kama nitaweza kuingia keshokutwa. Samahani kwa usumbufu."

Sentensi ya kutoa taarifa kesho jioni ndiyo muhimu kuliko zote. Hujaahidi kupona tarehe fulani, ila umeahidi kusema. Msimamizi anayejua atasikia kutoka kwako saa ngapi hana sababu ya kukupigia kila baada ya saa mbili.

Hatua ya 3: Cheti na idadi ya siku

Soma mkataba wako au kanuni za kazi ukiwa mzima, usisubiri siku ya homa. Unatafuta mambo matatu: unaruhusiwa siku ngapi kabla ya kudaiwa cheti cha daktari, cheti kinakwenda kwa nani, na siku hizo zinalipwaje.

Ukiwa kwa daktari, usiombe tu siku za kupumzika. Mweleze kazi yako ni ya namna gani, halafu uliza kama anaweza kuandika pia masharti ya kurudi: kwa mfano usifanye kazi ya vumbi kwa wiki moja, usibebe mizigo mizito, usiwekwe zamu ya usiku. Madaktari wengi hawalitaji hilo mpaka waulizwe, na mara nyingi lina faida kuliko siku mbili za nyongeza. Kama hupendi ugonjwa wako ujulikane kazini, mwombe aandike kwamba huwezi kufanya kazi kati ya tarehe fulani na fulani, bila maelezo marefu.

Siku ngapi? Hakuna namba ya watu wote. Kwa maoni yangu, mtu wa kazi ya mezani aanze na siku 2 au 3, kisha ajipime. Anayebeba mizigo, anayefanya kazi kwenye vumbi, moshi, kemikali au vyumba vya baridi ajiandae kwa wiki nzima. Mwalimu na mwingine yeyote anayeishi kwa sauti yake yuko kundi hilohilo, ingawa watu humwona ana kazi nyepesi: kuongea kwa nguvu saa nne mfululizo na mirija iliyovimba ni adhabu. Anayehudumia wagonjwa, watoto wachanga au wazee asirudi wakati bado ana homa au anakohoa mfululizo, hata kama yeye mwenyewe anajisikia ana nguvu.

Usikubali haraka kutoa siku zako za likizo ya mwaka ili kuugulia. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka siku za ugonjwa zisihesabiwe ndani ya kiwango cha chini cha likizo ya mwaka, kwa masharti yanayowekwa na kila nchi. Si kila nchi imeuridhia, lakini nyingi zina sheria inayofanana. Uliza kabla ya kutia saini fomu yoyote.

Nawajua pia wasio na ruhusa yenye malipo, ambao siku bila kazi ni siku bila kipato. Kuwaambia "pumzika wiki nzima" ni kuwaonea. Kwao ningesema: kama huna uwezo wa siku nyingi, basi zichukue mbili za mwanzo, zile za homa, kwa sababu ndizo zenye faida kubwa. Jaribu kubadilishana zamu badala ya kuikosa kabisa. Ukilazimika kurudi, vaa barakoa, fanya kazi mahali penye hewa inayopita, na omba shughuli isiyokuchosha pumzi.

Na wewe uliyeruhusiwa kufanya kazi nyumbani, kujibu barua pepe kitandani na homa ya nyuzi 38.5 si mapumziko. Ukiumwa, umwa.

Hatua ya 4: Siku za kitandani

Lala. Usipokuwa na usingizi, jilaze tu. Tumia mito miwili ili kichwa na kifua viinuke, maana kikohozi huzidi ukilala chali. Kunywa maji na vinywaji vya uvuguvugu kidogokidogo mchana kutwa. Mkojo ukiwa wa rangi ya njano iliyofifia unakunywa vya kutosha, ukikoza hujatosheka.

Kwa homa na maumivu, parasetamoli inatosha wengi: mtu mzima hunywa kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 4 hadi 6, asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe nyingi au mwenye uzito chini ya kilo 50 aulize kiwango chake. Hatari iko kwenye dawa za mafua za mchanganyiko: nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta ameimeza mara mbili bila kujua. Soma boksi au mwulize mfamasia. Ibuprofeni nayo inafaa, iende na chakula, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito au mwenye pumu inayoamshwa na dawa hiyo aiache.

Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza koo na kikohozi cha usiku. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kamwe, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake. Dawa za maji za kikohozi husaidia kidogo kuliko matangazo yanavyosema, na zile zinazosinzisha hazifai kwa dereva au mwendesha mitambo.

Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka kumewaunguza wengi, hasa watoto wanaopita karibu. Mvuke wa bafuni unapooga maji ya moto unalegeza makohozi vilevile, na hauna hatari hiyo.

Kama mbavu zinauma kwa kukohoa, kumbatia mto na uubane kifuani kila kikohozi kinapokuja. Misuli inapata pa kuegemea.

Sigara iache, yako na ya jirani. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kuelekea juu. Virusi vimeviharibu, na moshi unavipooza vile vilivyobaki.

Hatua ya 5: Kataa antibiotiki isiyo na sababu

Zaidi ya asilimia 90 ya mikamba ya ghafla huletwa na virusi, vilevile vya mafua na vya homa ya mafua. Antibiotiki huua bakteria. Katika majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa, waliomeza antibiotiki waliacha kukohoa karibu nusu siku mapema kuliko wenzao, na baadhi yao wakalipia hiyo nusu siku kwa kuharisha, kichefuchefu na vipele. Kila dozi isiyo ya lazima pia inawafunza bakteria waliomo mwilini mwako kuizoea dawa, na siku utakayoihitaji kweli, kwa nimonia au kidonda kilichooza, itakuwa imedhoofika.

Watu hudanganywa na rangi. Makohozi yakiwa ya njano au ya kijani, kila mtu anasema "hayo ni maambukizi, meza antibiotiki". Ukijani huo unatokana na chembe nyeupe za damu: zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani, na zinapokuja kupigana na virusi na kufa, rangi yao inabaki kwenye makohozi. Rangi pekee haikwambii kama ni bakteria.

Wakati mwingine dawa hiyo inahitajika, na hapo usiikatae: nimonia iliyothibitishwa, kifaduro, au mgonjwa ambaye daktari anaona mwili wake hauwezi kusubiri. Kifaduro hujitambulisha kwa kikohozi cha mfululizo kisichotoa nafasi ya kuvuta pumzi, mara nyingi kinaishia kwa kutapika au sauti ya kuvuta hewa kwa nguvu.

Ukiwa kwa daktari, badilisha swali. Usiulize "utanipa dawa gani kali?" Uliza: "Umesikia nini kifuani? Nikiona nini nirudi?" Majibu hayo mawili yaandike.

Hatua ya 6: Rudi kazini kwa kipimo

Anza kwa saa 24 bila homa, bila kumeza dawa ya kushusha homa. Mtu aliyemeza parasetamoli saa 12 asubuhi na kujipima saa 2 amejipima dawa.

Kisha jaribu siku ya kazi ukiwa nyumbani. Amka muda wako wa kawaida, oga, vaa, tembea dakika 20, panda ngazi kama zipo, soma kwa sauti dakika 10. Ukimaliza ukiwa umechoka lakini sawa, unaweza kurudi. Ukilazimika kulala tena mpaka mchana, omba siku nyingine, na uombe usiku huo badala ya asubuhi yake.

Hakuna haja ya kusubiri kikohozi kiishe. Ukisubiri hivyo utakaa nyumbani karibu wiki tatu bila sababu. Kikohozi cha wiki ya pili mara nyingi ni mirija inayojijenga upya: utando umebanduka, vinyweleo vinaota tena, na mpaka vitimie kila vumbi litakukohoza. Wenzako hawajui hilo, kwa hiyo waambie mapema: "Homa imekwisha, daktari ameniona, kikohozi kitachukua wiki mbili hivi kuondoka." Kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20, na siku chache za mwanzo vaa barakoa.

Siku mbili za kwanza omba nusu siku ukiweza. Mikutano ya kuongea sana isogeze mbele. Weka chupa ya maji karibu, na usikae chini ya kiyoyozi. Mazoezi ya kukimbia au kunyanyua vyuma yasubiri mpaka kifua kikae kimya unapotembea haraka. Hapo anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya.

Homa ikikurudia baada ya kupata nafuu siku kadhaa, usiichukulie kama uchovu wa kazi. Huenda bakteria wameingia nyuma ya virusi. Rudi kwa daktari siku hiyo.

Hatua ya 7: Kikohozi kikipita wiki tatu

Hapo kinahitaji kuchunguzwa. Na usifikishe hata wiki tatu kama unaishi mahali kifua kikuu ni cha kawaida, au unatoka jasho usiku, unapungua uzito, au umekaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu: wiki mbili zinatosha kwenda kupimwa makohozi.

Kama unameza dawa za shinikizo la damu, chukua boksi lake uende nalo. Kundi la enalaprili, lisinoprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na unaweza kuwa unalaumu mkamba ambao ulishapona. Usiziache mwenyewe; daktari ataibadilisha.

Mwisho, angalia kalenda ya kazi yako. Andika kwa wiki mbili: siku za kazi ulikohoa kiasi gani, siku za mapumziko kiasi gani, na ulishika nini siku hiyo, iwe unga, rangi, dawa za usafi, vumbi la mbao au la saruji. Kikohozi kinachotulia kila unapokaa nyumbani na kuamka kila unaporudi kazini kinaweza kuwa pumu inayosababishwa na kazi, na hiyo haitibiwi kwa ruhusa ya siku tatu. Ikunje karatasi hiyo, mpe daktari kabla hajaanza kukuuliza maswali, na ubaki na nakala yako.